Kuipima Nyumba ya Kutunzia Wazee

Somo letu la mwezi huu lahusu jambo ambalo babu zetu hawakulijua. Katika nchi ya Marekani kuna nyumba zipatazo 15,000 ambamo wazee na wagonjwa wasioweza kujitunza hukaa usiku na mchana, wakilishwa, wakiogeshwa na kupewa dawa na wauguzi wa kuajiriwa. Wakaaji wa nyumba hizo wapita milioni moja.

Huenda mtu akauliza, Jambo hili latuhusu nini sisi? Latuhusu kwa njia mbili. Kwanza, wengi wa ndugu zetu wasemao Kiswahili waliohamia huko wamepata kazi yao katika kuuguza wazee. Pili, wale waliokwenda wakiwa vijana sasa wanazeeka, na wengine wamewaita wazazi wao wakae nao. Siku mama anapoanguka na kuvunjika nyonga, au baba anapopotewa na kumbukumbu hata asijue njia ya kurudi nyumbani, na watoto wote wako kazini, ndipo neno la nyumba ya wazee huzuka. Kisha simu hupigwa huku kwetu: Baba mdogo, shangazi, mwasemaje? Yatupasa tuwe na la kujibu.

Kwetu sisi, kumpeleka mzazi mahali pa kutunzwa na watu baki huonekana kama kumtupa. Somo hili halikusudii kuamua kama yafaa au haifai. Hayo huamuliwa na wenye mzazi, pamoja na mzazi mwenyewe, maana yeye si mzigo wa kusafirishwa, bali ni mtu wa kuulizwa. Ila twataka kusema neno moja juu ya aibu hiyo: aibu humfumba mtu macho. Mwenye haya hufanya jambo upesi apate kulimaliza. Haulizi, hachungulii, na baadaye hatembelei. Hivyo mzazi huumia mara mbili, kwanza kwa kuondoka kwake, na pili kwa kuachwa mahali pasipopimwa.

Basi tujifunze kupima. Kanuni yetu ni moja. Nyumba ya wazee haipimwi kwa mkaaji mwenye nguvu anayeketi ukumbini na kuwasalimu wageni. Hupimwa kwa yule alalaye chumba cha mwisho, asiyeweza kugeuka kitandani, asiyeweza kueleza shida yake, wala hana mtu wa kumtembelea. Akiwa huyo ni safi, ameshiba, hana donda wala hofu, nyumba ni njema. Akiwa ameachwa, nyumba ni mbaya, hata kama maua ya mlangoni yang'aa. Yote yafuatayo ni njia za kumfikia mtu huyo wa chumba cha mwisho.

1. Ujue kwanza ni nyumba ya namna gani

Huko Marekani majina hufanana na kuwachanganya wageni. Ziko nyumba za uuguzi, zenye wauguzi wenye vyeti saa zote. Ziko pia nyumba za kuishi kwa msaada, ambamo mzee ana chumba chake, naye husaidiwa kuoga, kuvaa na kukumbuka dawa. Hizi za pili mara nyingi hupendeza zaidi kwa macho. Walakini sheria ya serikali kuu tutakayoieleza haizitawali, wala hazipewi nyota za serikali kuu. Kila jimbo lina amri zake juu yake. Mzee asiyeweza kuinuka kitandani, au mwenye donda, au anayelishwa kwa mpira, asipelekwe katika nyumba ya kuishi kwa msaada kwa sababu tu mazulia yake ni mazuri. Uliza tangu mwanzo: Nyumba hii ina kibali gani, na ni nani aikaguaye?

2. Sheria ya mwaka 1987

Zamani nyumba nyingi za namna hii zilikuwa mahali pa huzuni. Wazee walifungwa vitini na vitandani kwa mikanda, au walipewa dawa za kuwalaza ili wasisumbue. Mwaka 1986 wataalamu wa Chuo cha Tiba cha Marekani walitoa taarifa kubwa juu ya hali hiyo, na mwaka 1987 Bunge la nchi likapitisha sheria ya kuzirekebisha. Sheria hiyo yahusu nyumba zote zipokeazo fedha za mifuko ya serikali iitwayo Medicare na Medicaid, nazo ndizo karibu zote.

Yafaa kila mwenye mzazi huko ayajue mambo haya ya sheria hiyo na amri zilizotoka kwayo. Mkaaji ana haki ya kutofungwa wala kulewesha kwa dawa kwa ajili ya kumwadhibu au kuwapunguzia watumishi kazi. Ana haki ya kuelezwa habari za ugonjwa wake kwa lugha aielewayo. Basi mama asiyejua Kiingereza asidharauliwe kwa sababu hiyo. Muuguzi mwenye leseni awepo saa zote 24, na muuguzi wa daraja la juu awepo muda wa saa 8 mfululizo kila siku, hata siku ya Jumapili. Wasaidizi wa wauguzi, ambao ndio hasa wamwogeshao na kumlisha mzee, wafundishwe kwa saa zisizopungua 75. Kila mkaaji apimwe hali yake anapoingia, na tena kila miezi mitatu, na uandikwe mpango wa kumtunza. Nao wakaguzi waje pasipo kutoa habari, isipite miezi 15 bila ukaguzi.

Hizo ndizo haki. Lakini haki iliyoandikwa haimgeuzi mtu kitandani. Kwa hiyo tuendelee.

3. Nyota, na namna ya kuzisoma

Tangu Desemba 2008 serikali ya Marekani huzipa nyumba hizo nyota, kuanzia moja hadi tano, na kuzitangaza katika intaneti mahali paitwapo Care Compare. Mtu aliye Moshi au Bukoba aweza kuzisoma sawasawa na aliye Chicago. Hilo ni jambo jema: ndugu aliye mbali aweza kusaidia kazi ya kupima.

Walakini nyota zisomwe kwa akili. Nyota ya jumla hutoka katika mafungu matatu: ukaguzi, idadi ya wauguzi, na vipimo vya hali ya wakaaji. Mafungu haya si sawa kwa kuaminika. Sehemu ya vipimo vya hali ya wakaaji hutokana na yale nyumba yenyewe iliyoandika juu ya wakaaji wake. Na nani asiyejua jinsi mwanafunzi ajisahihishiavyo kazi yake mwenyewe? Ukaguzi hufanywa na watu wa nje. Idadi ya wauguzi tangu 2018 huhesabiwa kwa vitabu vya mishahara, wala si kwa maneno ya msimamizi. Basi uyatazame kwanza mafungu hayo mawili. Nyumba yenye nyota tano za vipimo vyake yenyewe, lakini nyota mbili za ukaguzi, haijatupa sababu ya kuiamini.

Tena, nyota za ukaguzi hulinganisha nyumba za jimbo moja tu. Katika kila nyumba 100 za jimbo, zile 10 zilizo bora hupewa nyota tano, na zile 20 zilizo nyuma kabisa hupewa nyota moja. Kwa hiyo nyota tano za jimbo hili si lazima ziwe sawa na nyota tano za jimbo lile.

Na ukiona kando ya jina la nyumba alama ya duara nyekundu yenye kiganja cheupe, simama. Alama hiyo ilianza kutumiwa mwaka 2019. Maana yake wakaguzi walikuta humo wakaaji walioteswa au kutendewa vibaya.

4. Taarifa ya wakaguzi

Nyota ni muhtasari. Taarifa ya wakaguzi ndiyo habari yenyewe. Sheria yaitaka nyumba iiweke mahali ambapo mtu yeyote aweza kuisoma pasipo kuomba. Ukifika na kuambiwa kwamba kitabu hicho kimepotea, au mwenye ufunguo hayupo, umekwisha kujifunza jambo moja juu ya nyumba hiyo.

Katika taarifa hiyo kila kosa hupewa herufi, kuanzia A hadi L. Si vigumu kuzielewa. Herufi A, B na C ni makosa madogo. D, E na F ni makosa ambayo hayajamdhuru mtu bado, lakini yangeweza kumdhuru. G, H na I ni makosa yaliyokwisha kumdhuru mtu. J, K na L ni hatari kubwa ya papo hapo, ambayo huweza kuleta kifo au jeraha zito. Tena katika kila kundi, herufi ya kwanza yaonyesha kosa lililowapata wachache, ya pili kosa linalorudiarudia, na ya tatu kosa lililoenea nyumba nzima.

Nyumba zisizo na kosa hata moja ni chache; wala usiogope D mbili tatu. Lakini ukikuta G au zaidi, soma maneno yote, ujue ni nini kilitokea. Kisha tazama taarifa za miaka iliyotangulia. Kosa lililotokea mara moja na kurekebishwa ni ajali. Kosa lile lile likiandikwa mwaka hadi mwaka, hiyo ni tabia.

5. Kuhesabu mikono

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Mzee asiyejiweza hutunzwa kwa mikono ya watu. Uwezapo kuuliza jambo moja tu, uliza hili: Ni watu wangapi watakaomshika mama yangu, mchana, usiku, na siku za mwisho wa juma?

Tufanye hesabu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili, ili damu ipite na ngozi isioze. Tuseme usiku kuna msaidizi mmoja kwa wakaaji 20, nao wote wahitaji msaada. Saa mbili ni dakika 120. Gawanya kwa 20: kila mkaaji ana dakika 6. Katika dakika hizo msaidizi amgeuze, ambadilishe nepi, ampe maji, amsindikize chooni yule awezaye kutembea, ajibu kengele, tena aandike alichofanya. Haiwezekani. Hata msaidizi mwenye moyo mwema atamruka mtu, naye atakayerukwa ni yule asiyeweza kulalamika. Ndiyo sababu twasema madonda mengi huanzia katika orodha ya mishahara kabla hayajaonekana mwilini.

Mwaka 2024 serikali kuu ilitoa amri kwamba kila mkaaji apate uuguzi usiopungua saa 3.48 kwa siku, ukijumlisha kazi ya wote. Mwaka 2025 mahakama moja huko Texas iliibatilisha amri hiyo kabla haijaanza kutimizwa. Basi hesabu hiyo si sheria, lakini yaweza kukusaidia kulinganisha: nyumba yenye saa 3 ina upungufu, na nyumba yenye saa 4 ina nafasi ya kupumua. Hesabu za kila nyumba hutangazwa pamoja na nyota. Tena kila siku nyumba yapaswa kubandika ukutani idadi ya wauguzi waliopo kwa zamu. Isome, kisha uwahesabu waliopo kwa macho yako.

Uliza pia juu ya wanaoacha kazi. Tangu 2022 serikali hutangaza ni wangapi katika kila 100 walioondoka katika mwaka mmoja. Mahali ambapo nusu ya watumishi huondoka kila mwaka, hakuna atakayejua kwamba mzee wako hupenda chai ya maziwa, au kwamba akinyamaza sana ni kwa sababu ya maumivu. Ndugu zetu wafanyao kazi hiyo ni mashahidi wazuri. Ukiwa na jamaa aliye msaidizi wa wauguzi katika mji huo, mwulize kwa siri: Je, wewe ungemweka mama yako humo? Atakavyonyamaza kabla ya kujibu kutakufundisha mengi.

6. Kwenda kuona kwa macho

Wahenga walisema, Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku ya kwanza utaalikwa kwa saa waliyoichagua wao, na mtu mwenye maneno matamu atakuzungusha. Mshukuru. Kisha urudi siku nyingine bila kuahidi, saa ya chakula cha jioni, au Jumamosi, wakati wakubwa wamekwenda kwao. Angalia mambo haya.

Tumia pua kwanza. Harufu ya mkojo mahali pamoja yaweza kuwa ni ajali ya dakika hiyo. Harufu iliyoenea kila chumba ni ya siku nyingi. Na harufu kali ya manukato kila mahali, jiulize inafunika nini.

Sikiliza kengele. Mkaaji anapobonyeza kengele ya kuitia msaada, tazama saa yako. Je, hufika mtu baada ya dakika tatu, au ishirini? Sikiliza pia jinsi watumishi wanavyosema na wazee: je, huwaita kwa majina yao na kwa heshima, au huwaamrisha kama watoto wadogo?

Tazama chakula. Si sahani tu, bali mkono. Asiyeweza kujilisha, yupo anayemlisha? Au sahani huwekwa mbele yake, ikapoa, ikaondolewa, na kuandikwa kwamba amekataa kula? Tazama kama maji yapo karibu, mahali anapoweza kufikia. Waulize kama wakaaji hupimwa uzito. Mzee akipungua sehemu 5 katika 100 za uzito wake kwa mwezi mmoja, hiyo ni dalili kubwa: aliyekuwa na kilo 60 akawa na 57, yapasa daktari aitwe.

Uliza juu ya madonda ya kulalia, ambayo huanza penye mifupa: kifandugu, nyonga na visigino. Uliza ni wakaaji wangapi wanayo, na wangapi waliyapata humo humo ndani.

Uliza pia juu ya dawa za kutuliza akili. Wazee waliopotewa na kumbukumbu hupewa dawa hizo pengine ili tu wakae kimya. Mwaka 2005 idara ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kwa wazee wa namna hiyo dawa hizo huongeza hatari ya kufa. Ukumbi uliojaa watu wanaosinzia saa nne ya asubuhi si amani. Twasema hili hasa kwa ajili ya wazee wetu, kwa kuwa mzee aliyejifunza Kiingereza ukubwani mara nyingi hukisahau akili inapochoka, akarudi katika lugha ya utotoni. Akiita maji kwa Kichaga au Kihaya na hakuna amwelewaye, atapaza sauti. Na mwenye kupaza sauti huonekana ni mkorofi, akapewa dawa. Basi andikeni karatasi yenye maneno kumi ya lazima, yaani maji, chakula, choo, maumivu, baridi, na mengineyo, pamoja na maana yake kwa Kiingereza, ibandikwe ukutani karibu na kitanda.

7. Moto, joto na maradhi

Jambo la usalama halionekani mpaka siku ya hatari. Tangu Agosti 2013 kila nyumba ya uuguzi yatakiwa kuwa na mabomba ya darini yanayomwaga maji yenyewe moto ukiwaka. Uliza kama yapo, na kama watumishi wa usiku hufanya mazoezi ya kuwatoa wasioweza kutembea.

Umeme nao ni uhai. Septemba 2017 tufani iitwayo Irma ilipiga jimbo la Florida. Katika nyumba moja ya mji wa Hollywood mtambo wa kupoza hewa ulikosa umeme, joto likapanda siku hata siku, na wakaaji 12 wakafa. Hospitali kubwa ilikuwa karibu kabisa. Hawakukosa mahali pa kupelekwa; walikosa mtu wa kuamua kwa wakati. Mwaka 2018 jimbo hilo likaweka sheria kwamba nyumba hizo ziwe na mtambo wa umeme wa akiba. Basi uliza: Umeme ukikatika, mna nini, na ni nani mwenye amri ya kuwahamisha watu?

Kuhusu maradhi, tauni ya korona iliyoanza mwaka 2020 iliua zaidi ya wakaaji 150,000 wa nyumba za uuguzi za Marekani. Uliza kama watumishi hulipwa wanapougua. Asiyelipwa akiwa mgonjwa atakuja kazini akikohoa, maana watoto wake lazima wale.

8. Kabla ya kutia sahihi

Siku ya kuingia utapewa karatasi nyingi, nawe umechoka, na mzazi yuko kwenye machela. Jihadhari na mambo mawili. La kwanza: sheria yaikataza nyumba kumlazimisha mtoto au ndugu awe mdhamini wa deni kwa fedha zake mwenyewe ili mzee apokewe. Unaweza kutia sahihi kama mwakilishi wa fedha za mzee mwenyewe. Usitie sahihi penye neno la kudhamini. La pili: karatasi inayosema kwamba mkigombana hamtakwenda mahakamani, bali kwa mwamuzi, hailazimishwi. Tangu 2019 amri yasema mzee hawezi kukataliwa kwa sababu jamaa hawakutia sahihi karatasi hiyo. Chukua karatasi nyumbani, zisomwe na mtu aelewaye.

9. Baada ya kumwingiza

Wengine hudhani kazi ya kupima yaisha siku mzee anapopokewa. Sivyo, siku hiyo ndiyo inaanza. Methali yasema, Mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika nyumba hizi neno hilo ni kweli kabisa. Mkaaji anayetembelewa huogeshwa mapema. Jamaa wana haki ya kumwona mzee wao saa yoyote, yeye mwenyewe akipenda. Basi wagawane siku. Wasije wote Jumapili mchana na kumwacha peke yake siku sita. Kila ajaye amshike mkono, aitazame miguu na mgongo wake, aandike katika daftari aliyoyaona: tarehe, saa, jina la mtumishi. Daftari la namna hiyo lina nguvu kuliko makelele.

Na wakutanapo kuandika mpango wa kumtunza, mmoja wa jamaa awepo. Aliye mbali aweza kusikiliza kwa simu.

Likitokea jambo baya, mwambie kwanza muuguzi wa zamu, kisha msimamizi. Wasiposikia, kila jimbo lina mtetezi wa wakaaji, ambaye sheria ya 1978 iliagiza awepo. Huyo huja bila malipo, hulinda siri ya mlalamikaji, na simu yake yatakiwa kubandikwa ukutani. Wazee wetu huogopa kusema, wakidhani watalipizwa kisasi au watarudishwa makwao. Waambieni mapema kwamba kulalamika ni haki yao, wala nyumba haina ruhusa ya kumfukuza mtu kwa ajili ya kulalamika.

Tena wakumbukeni watumishi. Kazi yao ni nzito na mshahara wao si mkubwa. Mwite kwa jina, mshukuru, mweleze mama yako alikuwa nani kabla hajaugua: kwamba alisomesha watoto saba kwa shamba la kahawa, au aliongoza kwaya. Mtumishi amjuaye mtu hamshiki kama gogo.

10. Na huku kwetu?

Huku kwetu nyumba za wazee ni chache. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 yaitazama jamaa kuwa ndiyo mahali pa kwanza pa kumtunza mzee. Walakini makazi yapo: Zanzibar kuna Sebleni na Welezo, na bara pia kuna makazi ya serikali na ya madhehebu. Nyota za kusoma katika intaneti hakuna. Lakini pua, masikio na hesabu ya mikono havihitaji intaneti. Baraza la wazee wa usharika liendalo kutembelea makazi hayo na zawadi za sabuni na sukari, lisikae ukumbini likapigwa picha na kuondoka. Liombe kwa adabu kufika chumba cha mwisho. Liulize: Usiku nani yuko hapa? Maji hutoka wapi? Aliyeugua hupelekwa kwa nani, na kwa gari gani?

Na hata mzee aliye nyumbani mwetu wenyewe, katika chumba cha nyuma, apimwe kwa kipimo kile kile. Je, hugeuzwa? Je, maji yapo karibu naye? Usiku akiita, nani humsikia?

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini nyota za ukaguzi na za idadi ya wauguzi huaminika kuliko vipimo ambavyo nyumba hujiandikia?
2. Herufi G katika taarifa ya wakaguzi yaonyesha nini? Na herufi J?
3. Fanyeni hesabu: msaidizi mmoja ana wakaaji 12 wa kugeuza kila saa mbili. Kila mmoja ana dakika ngapi? Je, zatosha?
4. Ni karatasi gani mbili ambazo jamaa hawalazimiki kutia sahihi?
5. Katika usharika wetu, ni mzee gani asiyetembelewa na mtu? Nani atakwenda kwake juma hili, na siku gani?